Chanjo ya homa ya mafua kwa watoto wa shule: maswali ninayoulizwa na wazazi wa Tabora

Kipupwe kikishaingia hapa Tabora, mwezi wa sita kwenda wa saba, asubuhi huwa na baridi kavu na vumbi linajaa puani. Ndipo madarasa yanapoanza kukohoa, na wazazi wananiuliza kliniki, sokoni, hata msibani: hii chanjo ya mafua inafanya kazi kweli? Mimi ni muuguzi na ni mama wa watoto wawili wa shule ya msingi. Nimeyaandika maswali kama yanavyonifikia, na majibu kama ninavyompa jirani yangu.

Nesi, mafua si mafua tu? Kuna haja gani ya chanjo?

Kiswahili kinatubana hapa, maana vitu viwili tofauti tumevipa jina moja. Mafua ya kawaida huja polepole. Pua inachuruzika, koo linawasha, lakini mtoto anaendelea kucheza huku anapenga kamasi. Homa ya mafua, ile madaktari wanayoiita influenza, humwangusha mtoto ndani ya siku moja. Asubuhi ametoka mzima, saa sita amelaza kichwa kwenye dawati, jioni mwili unachemka, mgongo na miguu vinamuuma, na chakula hataki hata kukiona.

Inaletwa na virusi vya influenza, hasa aina A na aina B. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu milioni 3 hadi 5 duniani huugua vibaya kwa sababu yake, na vifo vinavyotokana na matatizo ya upumuaji ni kati ya 290,000 na 650,000. Chanjo tunayoizungumzia inapambana na virusi hivyo peke yake. Naomba hilo ulishike, kwa sababu manung'uniko mengi juu ya chanjo hii yanaanzia hapo.

Basi inamkinga mtoto wa shule kwa kiasi gani?

Ukitaka jibu la neno moja: nusu. Mwaka mwingine inazidi nusu, mwaka mwingine inapungua. Lakini neno moja halitoshi kwa mzazi anayetoa pesa yake, kwa hiyo twende taratibu.

Mwaka 2018 watafiti wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya majaribio ya dawa na kuyapima upya, walitoa hesabu ya chanjo ya mafua kwa watoto wenye afya wa miaka 2 hadi 16. Piga picha darasa lenye watoto 100, jambo ambalo kwetu si geni. Kwenye majaribio ya chanjo ya sindano, kati ya watoto 100 ambao hawakuchanjwa, 30 walipata homa ya mafua iliyothibitishwa na maabara. Kati ya 100 waliochanjwa, walioipata ni 11. Kwenye majaribio ya chanjo ya kupuliziwa puani, ambayo yalifanyika kwingine na misimu mingine, wasiochanjwa waliougua walikuwa 18 na waliochanjwa 4.

Sasa tazama upande wa pili, ambao watu wengi hawaambiwi. Watafiti hao waliwahesabu pia watoto waliopata homa na kikohozi vya aina hiyo bila kujali kimeletwa na kirusi gani. Hapo sindano iliwapunguza kutoka 28 hadi 20 tu kati ya 100. Ni kwa nini? Kwa sababu virusi vinavyomletea mtoto kamasi na kikohozi ni vingi mno, na chanjo inavijua vichache. Mama aliyemchanja mwanawe mwezi wa tano, kisha akamwona anapiga chafya mwezi wa saba, atasema ametapeliwa. Hakutapeliwa. Mtoto ana mafua mengine, na ile homa ya mafua ambayo ingemlaza wiki nzima pengine imempita bila mtu kuiona. Ugonjwa uliozuiwa hauonekani, ndiyo maana chanjo haipati sifa zake.

Mbona nasikia asilimia 40, wengine 60, wengine 19?

Zote ni za kweli, ila ni za miaka tofauti. Taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani hupima kila msimu, na chanjo ikilingana vizuri na virusi vinavyozunguka, huwa inapunguza hatari ya kwenda hospitali au kwa daktari kwa ugonjwa huo kwa asilimia 40 hadi 60. Msimu wa 2014 kuingia 2015 ulikuwa mbaya: kirusi cha aina ya H3N2 kilibadilika baada ya chanjo kuwa imeshaanza kutengenezwa, na kinga ikashuka hadi asilimia 19.

Kirusi hiki hubadilisha sura. Ndiyo sababu wataalamu wa Shirika la Afya Duniani hukutana mara mbili kwa mwaka, mwezi wa pili kwa ajili ya nchi za kaskazini mwa dunia na mwezi wa tisa kwa ajili ya kusini, wachague virusi vya kuwekwa kwenye chanjo ijayo. Wanachagua miezi kadhaa kabla ya msimu, kama mkulima anayeamua mbegu kabla hajajua mvua itakuwaje. Kuna wakati uamuzi ni mgumu, na kuna wakati kirusi chenyewe kinarahisisha kazi: aina ya B iitwayo Yamagata haijaonekana ikizunguka tangu mwezi wa tatu 2020, na chanjo nyingi zilizokuwa na virusi 4 sasa zimerudi kuwa na 3.

Akichanjwa na bado akaugua, si pesa imekwenda bure?

Hapana, na swali hili ndilo linalonifanya nisimame upande wa chanjo.

Kuugua kuna daraja zake. Kuna kulala nyumbani siku nne, na kuna kubebwa usiku kwenye bodaboda ukitafuta oksijeni. Utafiti wa Marekani wa misimu ya 2010 hadi 2012 ulikuta kwamba chanjo ilipunguza kwa asilimia 74 uwezekano wa mtoto kulazwa chumba cha wagonjwa mahututi kwa homa ya mafua. Mwingine, wa misimu ya 2010 hadi 2014, uliangalia vifo: kwa watoto waliokuwa wazima kabla ya kuugua, chanjo ilipunguza hatari ya kufa kwa asilimia 65, na kwa wale wenye magonjwa mengine kwa karibu nusu. Watoto hao walikuwa nchi yenye vitanda vya wagonjwa mahututi vingi kuliko tulivyo navyo sisi. Kwa mzazi wa Sikonge au Kaliua ambaye hospitali ya mkoa iko mbali, ugonjwa usiofika daraja hilo una thamani kubwa zaidi.

Hizo ni habari za Ulaya na Marekani. Afrika je?

Umeuliza vizuri. Jirani zetu Kenya walichanja watoto wa miezi 6 hadi miaka 10 huko Kibera, Nairobi, na Lwak, karibu na Ziwa Victoria, kuanzia 2010 hadi 2012. Kinga ilipanda na kushuka mwaka hadi mwaka, ikizunguka karibu na nusu, sawa na tunayoyasikia kwingine. Senegal mwaka 2013 walijaribu chanjo ya puani kwa watoto wadogo wa miaka 2 hadi 5, na haikuonyesha kinga yoyote, ingawa chanjo hiyohiyo iliwasaidia watoto wa Bangladesh. Nayasema yote mawili kwa sababu mzazi ana haki ya kuyajua yote mawili. Mimi binafsi, kwa mtoto wa hapa, ningechagua sindano.

Mwanangu ana sikoseli na yuko darasa la nne. Inamhusu?

Inamhusu kuliko mtoto mwingine yeyote darasani mwake.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu, ndiyo hiyo sikoseli. Wanakadiriwa kufikia 11,000 kila mwaka. Wengi sasa wanakua na kufika shule, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini homa ya mafua kwao haiishii puani. Homa na upungufu wa maji huamsha maumivu ya mifupa, na ikishuka kifuani mtoto anaweza kushindwa kupumua ndani ya saa chache. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010 ulikuta watoto wenye selimundu walilazwa kwa homa ya mafua mara 56 zaidi ya watoto wasio na ugonjwa huo.

Namkumbuka mama mmoja aliyekuja na daftari la kliniki lililojaladiwa kwa karatasi ya kaki. Ndani alikuwa ameandika kila tarehe ambayo mwanawe alilazwa, na pembeni, kwa kalamu nyekundu, nini kilianza. Nilifunua kurasa. "Mafua." "Mafua, kifua." "Homa ya ghafla." Kurasa tatu mfululizo. Hakuwa amesomea udaktari, lakini aliona kitu ambacho sisi wa zamu mbalimbali, kila mmoja na siku yake, hatukukiona. Tangu hapo kila mzazi wa mtoto mwenye sikoseli, pumu, ugonjwa wa moyo, kisukari au VVU namwambia bila kuzunguka: pesa ikipatikana ya mtoto mmoja tu nyumbani, mchanje huyu kwanza.

Kwenye kadi ya kliniki niliambiwa alishachomwa ya "influenza". Ataihitaji tena?

Kosa hilo ni la jina, na lina zaidi ya miaka mia. Mwaka 1892 mtaalamu Mjerumani, Richard Pfeiffer, alikuta bakteria kwenye makohozi ya wagonjwa wa homa ya mafua akadhani ndiyo wanaoileta. Bakteria wakapewa jina la ugonjwa. Kirusi chenyewe kilikuja kupatikana kwa binadamu mwaka 1933, lakini jina la bakteria likabaki. Miongoni mwao wamo wale wa aina ya Hib, ambao mtoto wako alikingwa nao ndani ya ile chanjo ya Penta alipokuwa mchanga. Wanaleta homa ya uti wa mgongo na nimonia. Chanjo hiyo ni muhimu sana, lakini homa ya mafua haiigusi.

Kwa nini basi haitolewi bure shuleni, kama ile ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi?

Chanjo ya homa ya mafua haimo kwenye ratiba ya kawaida ya chanjo za watoto Tanzania. Inabidi irudiwe kila mwaka, inakinga nusu, na kirusi chake kinabadilika. Chanjo ya surua au ya Penta inafanya kazi kubwa zaidi kwa shilingi ileile. Hata Shirika la Afya Duniani, likipanga nani atangulie, hutaja kwanza wahudumu wa afya, wajawazito, wazee na wenye magonjwa ya kudumu, ndipo nchi iangalie uwezo wake kwa watoto.

Sioni ubaya katika mpangilio huo. Kinachoniuma ni mzazi kuuliza habari ya chanjo ya kulipia wakati mdogo wake mtoto huyo hajamaliza dozi ya surua iliyoko zahanati bila malipo. Anzia hapo. Ile ya nimonia inayotolewa pamoja na Penta nayo usiiache, maana homa ya mafua mara nyingi hufungua mlango, na wanaoingia kuua ni bakteria wa nimonia.

Mama mkwe wangu anaishi nasi na ana presha. Kumchanja mtoto kunamsaidia na yeye?

Kunaweza. Watoto wa shule ndio wabebaji wakubwa wa kirusi hiki. Wanabanana watatu dawati moja, wanakunywa kikombe kimoja, na wanaendelea kutoa virusi siku nyingi kuliko watu wazima. Japani iliwachanja watoto wa shule kwa miaka mingi, hadi 1987 sheria ilipolegezwa na 1994 ilipofutwa. Watafiti waliochapisha hesabu zao 2001 walikadiria kwamba mpango ule ulizuia vifo 37,000 hadi 49,000 kwa mwaka, vingi vikiwa vya wazee. Wapo wataalamu waliozibishia hesabu hizo. Jaribio lililopangwa vizuri zaidi ni la Kanada, kwenye vijiji vya wakulima wa madhehebu ya Hutterite: walichanja watoto wa miaka 3 hadi 15, na wanakijiji ambao hawakuchanjwa wakapungukiwa hatari kwa asilimia 61.

Hata hivyo, mama mkwe akiweza kuchanjwa yeye mwenyewe, ni bora zaidi. Usimtegemeze kwa mjukuu peke yake.

Dozi ngapi, na inaanza kazi lini?

Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 8 anayechanjwa kwa mara ya kwanza hupewa dozi mbili, zikipishana angalau wiki 4. Kuanzia miaka 9 ni moja. Kinga hujengeka kwa takriban wiki mbili, kisha hupungua kadiri miezi inavyopita, kwa hiyo ni ya kila mwaka. Chini ya miezi 6 haitolewi; hapo mama anayechanjwa akiwa mjamzito ndiye anayempa mtoto kinga.

Sindano yenyewe si ndiyo inayoleta mafua? Na hili la kufunga kizazi?

Virusi vya kwenye sindano vimeuawa. Haviwezi kumuugulisha mtoto. Mkono unaweza kuuma, akapata homa ndogo na uchovu kwa siku moja au mbili, ikaisha. Asiyepaswa kuchanjwa ni yule aliyewahi kupata mzio mkali baada ya chanjo hii. Mwambie muuguzi kabla hajavuta dawa.

La kizazi nalisikia sana, na sitaki kulicheka, kwa sababu anayeuliza anamhurumia binti yake. Fikiria hivi: kundi mojawapo linalotangulizwa duniani kupewa chanjo hii ni wajawazito.

Sisi ni Waislamu. Tumesikia ina nguruwe.

Ile ya kupuliziwa puani inayotumika Uingereza na Marekani ina jelatini ya nguruwe. Uingereza, ambako watoto wanapewa ya puani tangu 2013, mzazi asiyeiridhia hupewa ya sindano kwa mtoto wake. Sindano kwa kawaida haina jelatini hiyo. Omba kile kikaratasi cha ndani ya boksi mkisome pamoja. Ni haki yako na hakuna muuguzi anayepaswa kukasirika.

Naipata wapi hapa, na nitajuaje kama ni nzima?

Ulizia kwa simu hospitali za binafsi na zile kubwa kabla hujafunga safari, maana mara nyingi huagizwa kutoka mbali. Ukiipata, uliza mambo mawili. Kwanza, ni ya msimu gani na inaisha muda lini, kwa sababu ya mwaka jana haifai. Pili, imehifadhiwaje. Chanjo hii inakaa nyuzi joto 2 hadi 8, na haitakiwi kuganda hata mara moja. Mahali nilipowahi kufanya kazi tulikuta asubuhi vichupa vimeegemea barafu ya nyuma ya friji. Vilipoyeyuka vilikuwa safi kama maji ya kisima, huwezi kujua chochote kwa macho. Tulivitupa vyote. Ukiuliza habari za friji, muuguzi anayejua kazi yake atakufungulia uone kipimajoto.

Homa imempanda ghafla. Nitajuaje kama ni mafua au malaria?

Kwa kugusa paji la uso hutajua, wala mimi sijui. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha Tabora ndiyo mkoa wenye malaria nyingi kuliko yote kwa watoto walio chini ya miaka mitano, takriban asilimia 23. Kwa hiyo hata mtoto aliyechanjwa mafua, hata mwenye kikohozi na kamasi, homa ikipanda apimwe malaria siku hiyohiyo. Kipimo kikikataa, usilazimishe dawa ya mseto. Usimnunulie antibiotiki dukani pia, haiui virusi. Kuna dawa ya virusi, oseltamivir, ambayo hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48, na kwa mtoto mwenye sikoseli au pumu ni vizuri kumuuliza daktari mapema.

Asali yetu na nyungu havitoshi?

Asali ya Tabora naisifu bila kulipwa. Kijiko kimoja kabla ya kulala hutuliza kikohozi cha usiku, na utafiti unakubali, ila asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kuwa na vimelea vya sumu ambavyo tumbo lake haliviwezi. Nyungu nakataa kwa mtoto. Nimefunga vidonda vya maji ya moto vya kutosha. Aspirini nayo usimpe kabisa mtoto mwenye homa ya mafua, inaweza kuharibu ini na ubongo. Parasetamo kwa uzito wake, uji mwepesi, maji mara kwa mara, na kupumzika.

Lini nimkimbize hospitali, na lini arudi shule?

Mfunue kifua umtazame akipumua. Mbavu zikiingia ndani, au anapumua haraka kama aliyekimbia, au midomo imebadilika rangi, usingoje asubuhi. Vilevile akipata degedege, akishindwa kunywa, akiwa mlegevu hata huwezi kumwamsha vizuri, au miguu ikimuuma hadi akatae kutembea. Na kuna hali moja inayowadanganya wazazi wengi: mtoto anapata nafuu siku ya nne, anaomba hata chai, kisha siku ya sita homa inarudi na kikohozi kizito. Hiyo mara nyingi ni nimonia imeingia nyuma ya mafua.

Asipokuwa na hayo, abaki nyumbani mpaka amalize saa 24 bila homa na bila dawa ya kushusha homa. Mwalimu wake mtumie ujumbe mapema, ili daftari la mahudhurio lisije likamtisha mtoto akaja akiwa bado anachemka.